Pesa ya mtawala aliyeondoka

Mwishoni mwa Machi 2025 nilimsindikiza mama mdogo benki hapa Kigoma mjini. Kibunda chake alikifunga kwenye pindo la kanga: mia tano za karatasi za mwaka 2010, zile ambazo sarafu ilikuja kuzitoa mikononi mwetu, na elfu moja kadhaa za zamani zaidi, zimelainika kama kitambaa. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na hiyo mia tano ya 2010, zirudishwe kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5. Tulipanga foleni zaidi ya saa nzima. Tulipokaribia dirisha akanigeukia, akauliza kwa sauti ya chini: "Hivi mwanangu, hii hela ni yangu au ni yao?"

Alibadilishiwa zote, shilingi kwa shilingi, akafunga tena pindo lake tukaondoka. Swali lake nikabaki nalo mimi. Kwetu hakukuwa na serikali iliyopinduliwa wala bendera iliyoshushwa. Benki Kuu ilikuwa inaondoa noti kuukuu kwenye mzunguko, basi. Lakini mtu aliyekulia Ujiji hasikii maneno "noti za zamani hazitapokelewa" bila moyo kumpiga. Ng'ambo ya ziwa letu, Tanganyika, iko Kongo, nchi ambayo katika umri wa mtu mmoja imetumia faranga, ikaja zaire, ikaja zaire mpya, ikarudi faranga. Kila badiliko lilitua Ujiji kabla redio haijamaliza kulieleza.

Baba alikuwa akivusha chumvi ya Uvinza na sabuni hadi Kalemie, bandari ya upande wa Kongo, akirudi na mawese na vitenge. Alikuwa na sharti moja ambalo sisi watoto tulilijua kabla ya kujua jedwali la kuzidisha: zaire hailali nyumbani. Akiuza asubuhi, kabla jua halijazama noti zile ziwe zimegeuka mafuta, kitambaa, au dola kama ipo. Nilidhani ni woga wa mzee mmoja. Nilipokua na kuanza kusoma mambo haya kwa hamu yangu mwenyewe, ndipo nilipoona kwamba sharti lile lilikuwa na historia nyuma yake.

Mobutu, mkuu wa jeshi, aliishika Kongo Novemba 1965. Alikuta faranga iliyochoshwa na vita vya kujitenga kwa jimbo la Katanga na uasi wa 1964. Juni 1967 akaleta zaire: faranga 1,000 kwa zaire 1, na zaire 1 ikawa na thamani ya dola 2 za Marekani. Ndani yake ilikuwa na makuta 100. Nchi yenyewe ilikuja kuitwa Zaire Oktoba 1971, miaka minne baadaye. Jambo hilo lilinishangaza sana nilipolitambua. Jina la taifa lilizoeshwa kwanza mifukoni mwa watu, kisha likapandishwa kwenye ramani.

Halafu, siku za Krismasi za 1979, serikali hiyohiyo ikazifuta noti za zaire 5 na 10. Mipaka ikafungwa, siku za kubadilisha zikawa za kuhesabu kwa vidole, na benki zilikuwa mijini tu. Mkulima aliyeuza mahindi yake na kuweka zaire kumi kumi kwenye mtungi alikuwa na safari ya siku tatu hadi dirisha litakalofungwa siku ya pili. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa walanguzi na walioficha pesa nje ya nchi. Lakini mlanguzi mkubwa ana dola, ana bidhaa, ana jamaa benki. Aliyeshikwa na noti mkononi ni yule aliyeziamini.

Sasa nifike Kasai, eneo la ndani kabisa la Kongo, kwa sababu huko ndiko kwenye kisa ambacho sijaona mfano wake karibu nasi.

Kufikia 1992 zaire ilikuwa inaporomoka kila wiki. Serikali ikatoa noti ya milioni tano. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa waziri mkuu akivutana na Mobutu, akasema noti hiyo si halali. Wenye maduka Kinshasa wakaikataa. Mwishoni mwa Januari 1993 wanajeshi waliolipwa mshahara kwa noti hiyo wakakuta hainunui hata mkate, wakaingia mitaani na bunduki. Watu wengi waliuawa, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani.

Kasai wakasema hapana. Mbuji-Mayi, mji wa almasi, na eneo lote lile, nyumbani kwa kina Tshisekedi, waliendelea kutumia zaire za zamani ambazo serikali iliyozitoa ilikwisha kuzifuta. Hazikuwa na benki ya kuzilinda. Hazikuwa na askari wa kuzilazimisha. Kilichozilinda ni jambo moja tu ambalo ukilifikiria linatisha: hapakuwa tena na mtu wa kuzichapisha. Idadi iliyokuwa mikononi mwa watu ndiyo hiyohiyo, ikipungua kwa kuchanika. Wakati Kinshasa zaire mpya ilikuwa ikiyeyuka kwa sababu kila upungufu wa hazina ulizibwa kwa kuchapa, Kasai bei zilitulia.

Mwaka 1997 Laurent Kabila, kiongozi wa waasi waliomwondoa Mobutu, akaingia Kinshasa, na Juni 30, 1998 akatoa faranga ya Kongo. Hapo ndipo ushahidi ulipoandikwa kwa kalamu ya serikali yenyewe. Faranga 1 ilibadilishwa kwa zaire mpya 100,000, au kwa zaire za zamani milioni 14. Piga hesabu. Kwa kiwango cha 1993, zaire za zamani milioni 14 zilikuwa sawa na zaire mpya nne na ushei. Miaka mitano baadaye, lundo lilelile likahesabiwa sawa na zaire mpya laki moja. Pesa iliyofutwa ilikuwa imeishinda pesa halali zaidi ya mara 21,000. Kabila angeweza kuwaambia watu wa Kasai kwamba makaratasi yao yalikwisha kufutwa zamani, wakalie nayo. Hakufanya hivyo. Alikuwa anahitaji faranga yake ipokelewe Mbuji-Mayi, na hakuna aliyekuwa tayari kuipokea huko kwa kupoteza alichonacho.

Tangu nijue habari hiyo nimeacha kutazama picha zilizo kwenye noti. Wanaoandika kuhusu pesa za tawala mpya hupenda kuanza na sura: nani ameondolewa, nani amewekwa, mnyama gani, mlima gani. Mimi hutazama dirisha. Limefunguliwa siku ngapi? Mtu mmoja anaruhusiwa kubadilisha kiasi gani? Kwa kiwango gani, na dirisha la karibu liko umbali gani kutoka kijijini? Hayo manne yanakueleza serikali mpya inamwogopa nani na inamhitaji nani, hata kama hotuba ya rais inasema vingine.

Chukua Zanzibar ya 1964. Mapinduzi ya Januari 12 yalimwondoa Sultani, baadaye ardhi ikataifishwa, majumba yakachukuliwa, majina yakabadilika. Shilingi haikuguswa. Watu waliamka siku iliyofuata na kununua samaki kwa pesa za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, ileile iliyowekwa na Waingereza 1919, na noti nyingi zilizokuwa mikononi mwao zilikuwa na sura ya Malkia Elizabeth. Mwaka huohuo Bodi ikatoa noti nyingine zenye chombo cha tanga kikielea ziwani mahali pa Malkia, na mambo yakaendelea. Kwa nini serikali ya mapinduzi iliyokuwa na haraka ya kubadili kila kitu iliiacha pesa ya mkoloni? Kwa sababu shilingi ile haikuwa ya Zanzibar peke yake. Ilitumika Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na mchele wa visiwani ulinunuliwa kwa pesa hiyo. Kuikata pesa ni kuikata bandari.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza kwa bahari kuamua. Waingereza walipoileta shilingi bara mwanzoni mwa miaka ya 1920, Zanzibar, nayo chini ya ulinzi wao, ilibaki na rupia yake iliyokwenda sawa na rupia ya India. Karafuu ilivunwa Pemba lakini hesabu zake zilikuwa kwenye madaftari ya wafanyabiashara wenye mikopo Bombay. Hadi Januari 1936 ndipo Zanzibar ikaingia kwenye shilingi, rupia 1 kwa shilingi moja na nusu. Himaya ya Waingereza, yenye nguvu kuliko zote duniani wakati ule, ilisubiri karibu miaka kumi na mitano.

Bara hawakusubiriwa hivyo. Kabla ya vita kuu ya kwanza, rupia 15 zilikuwa sawa na pauni 1. Baada ya vita bei ya fedha, ile madini, ikapanda na rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 Waingereza wakaifunga kwenye kiwango cha juu, rupia 10 kwa pauni. Ikaja florini, ikadumu muda mfupi kiasi kwamba hata bibi zetu hawakulizoea neno lake, kisha 1921 ikaja shilingi, mbili kwa florini moja. Kwa mtu mwenye deni, hayo yalikuwa pigo. Aliyekopa rupia 1,500 alidaiwa pauni 100. Kwa kiwango kipya anadaiwa 150 bila kukopa hata senti ya ziada. Walowezi wa Kenya, wenye madeni benki na mazao yaliyoshuka bei, walitafuta mahali pa kuutua mzigo huo, wakautua kwa vibarua: 1921 wakaamua kukata mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Harry Thuku, mtetezi wa haki za Waafrika, alipoanza kuwakusanya watu Nairobi mwaka huo, makato hayo yalikuwa miongoni mwa malalamiko ya mwanzo kabisa. Inaniuma kila nikisoma. Kiwango kimewekwa London kwa ajili ya bei ya madini, na anayekatwa ni mchuma kahawa.

Upande wetu wa Tanganyika kulikuwa na pesa za Mjerumani. Rupia yake iligawanywa mwanzoni kwa visehemu 64 vilivyoitwa pesa, kisha kuanzia 1904 kwa heller 100. Wakati wa vita, manowari za Waingereza zilipofunga pwani na sarafu kukosekana, Wajerumani wakajitengenezea zao kwenye karakana ya reli karibu na Tabora, mwaka 1916. Heller 20 za shaba, nyingine zikitokana na maganda ya risasi na mizinga, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke zenye tembo upande mmoja, zaidi kidogo ya 16,000. Ndiyo pesa ya mtawala anayeondoka, akiwa bado anagonga muhuri wake huku jeshi la pili liko njiani.

Heller ikafa. Nasi tukabaki na hela. Mama mdogo alipouliza "hii hela ni yangu au ni yao" alikuwa anatumia jina la sarafu ambayo haijanunua kitu kwa zaidi ya miaka mia. Pesa nayo tuliipata kutoka paisa ya Kihindi. Ng'ambo, Kalemie, hawasemi hela. Wanasema makuta, ile sehemu ya mia ya zaire ya Mobutu, ambayo nayo imekwisha kuzikwa. Watawala wamebadili chuma na karatasi mara nyingi. Midomo yetu imeendelea na ile iliyoizoea.

Nirudi kwenye dirisha. Mwaka 1966, nchi zetu tatu zilipoachana na Bodi baada ya ndoto ya shirikisho la 1963 kukwama, kila moja ilifungua benki kuu yake: Tanzania Juni, Uganda Agosti, Kenya Septemba. Sababu ya kubadili ilikuwa ya maana. Bodi ilikuwa inatoa shilingi dhidi ya akiba ya pauni iliyowekwa London; haikuundwa kuikopesha serikali ya Dar es Salaam yenye mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Nchi huru ilitaka benki inayoweza kuamua. Tazama basi walivyobadili. Kiwango kilikuwa moja kwa moja, bila makato. Jina lilibaki shilingi. Noti za Bodi ziliendelea kuwa halali hadi Septemba 14, 1967, zaidi ya mwaka mzima kwetu Tanzania. Hiyo ni serikali iliyokuwa inataka mzee wa Kibondo aje na noti zake kwa miguu yake, kwa wakati wake. Sura ya Nyerere ilikuwemo kwenye noti, naam, lakini mwaka ule mzima wa kusubiri ndio ninaouheshimu zaidi.

Uganda ilipitia njia ngumu. Amin aliweka sura yake kwenye noti 1973, ikaondolewa baada ya kuanguka kwake 1979, Obote akaweka yake miaka ya themanini. Museveni alipoingia Januari 1986 hakukimbilia noti. Alikaa mwaka na zaidi akitumia shilingi alizozikuta, kisha Mei 1987 akakata sifuri mbili, shilingi 100 kwa 1, na dirishani ikatozwa kodi ya asilimia 30. Sura yake hakuiweka. Wanaosifu hilo wana haki, ila mimi huona ile asilimia 30 kwanza. Uliingia na shilingi 10,000, ukatoka na 70. Mfumuko wa bei ulikuwa wa kutisha na pesa nyingi mno zilikuwa mtaani, naelewa. Lakini mwenye ng'ombe hakukatwa ng'ombe. Aliyekatwa ni mwenye noti.

Wakati mwingine anayebadili si mgeni aliyeingia, ni mwenyeji anayetaka kumnyima pumzi adui. Nigeria ilifanya hivyo Januari 1968 katikati ya vita na Biafra, eneo lake la mashariki lililotangaza kujitenga: ilitoa noti mpya na kuzifuta za zamani katika wiki chache, huku Biafra ikiwa na shehena ya pauni za Nigeria ambayo ilitegemea kununulia silaha nje. Kabla mwezi haujaisha Biafra ikalazimika kutoa pauni yake. Dirisha fupi lile lilikuwa silaha, na lililenga mbali, lakini mama mwenye duka Umuahia, ndani ya Biafra, alikuwa upande wa ndani wa shabaha.

Ghana nitaipita haraka: Nkrumah aliweka sura yake kwenye cedi ya 1965, akapinduliwa Februari 1966, na mwaka uliofuata wakatoa cedi mpya isiyo na uso wake. Somalia nayo ni kinyume cha yote hayo. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, benki kuu ikaporwa, na shilingi ikaendelea kutembea sokoni bila mwenyewe. Ila huko, tofauti na Kasai, wenye mitambo walipatikana. Wababe wa vita na wafanyabiashara waliagiza noti bandia kwa shehena, hadi noti ya 1,000 ikashuka thamani karibu na gharama ya kuichapa. Hapo hapakuwa na faida tena ya kughushi. Kasai ilisalimika kwa kukosa mchapishaji, Somalia ikapata wengi mno.

Na sasa Goma, mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 waliuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, wakaweka magavana wao, mahakama zao, kodi zao. Pesa hawakuleta. Faranga ya Kinshasa iliendelea kutumika, pamoja na dola, katika mji ambao Kinshasa haiutawali tena. Benki zilifungwa, na mwezi Aprili wakajaribu kufungua benki ya akiba ya zamani, CADECO, ili pesa zipate pa kupita. Wasomaji wengine wameniuliza kwa nini jeshi lenye bunduki lisitoe noti zake. Nadhani baba angewajibu bila kufikiri. Nani atazipokea Kalemie? Nani atazipokea Ujiji? Mfanyabiashara hana haja ya kupigana na noti mpya; anaigeuza kuwa mawese kabla ya jioni, na kesho yake haichukui tena.

Nina mteja Goma, dada mmoja anayechukua dagaa zetu. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti akinieleza hali ya noti. Mpya haziji, za faranga mia tano zimechakaa hadi hazisomeki, wanazibandika kwa gundi ya karatasi. "Makuta imezeeka, kaka," alisema, "lakini inatembea." Kisha akanisihi dola nitakazomrudishia ziwe safi kabisa, kwa kuwa dola yenye mpasuko wa ukubwa wa ukucha ukingoni hakuna anayeigusa. Nikamuuliza inakuwaje noti ya Marekani ikataliwe kwa mpasuko mdogo na faranga iliyobandikwa mara mbili ipite. Akasema dola ikikataliwa hana wa kumlilia. Faranga, kila mtu pale sokoni anayo iliyochanika.